Kona za Kushoto

Mama Gia alianza kazi pale kituo cha afya akiwa mfagiaji. Alifagia wodi, akapiga deki korido, na kila Ijumaa alipewa ndoo na kitambaa aoshe pikapu ya wagonjwa. Dereva wa wakati ule alikuwa mtu wa usingizi. Akishaegesha tu, anaacha funguo kwenye gari na kujilaza kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kofia usoni. Basi Mama Gia akawa anaisogeza pikapu mwenyewe, kwanza hatua mbili ili aoshe tairi za upande wa pili, halafu hatua kumi, halafu akawa anazunguka nayo jengo zima. Alikuwa anajitajia gia kwa sauti, "Moja... mbili... rivasi," mpaka wagonjwa wakawa wanamwitikia kutoka madirishani, na jina likamganda hapo hapo. Siku dereva yule alipostaafu, mganga mkuu alianza kuulizia mtu wa kushika usukani, akashangaa kukuta mfagiaji wake ana leseni ya miezi minane mfukoni. Aliisomea kimya kimya. Aliyejua ni mumewe tu, fundi cherehani, ambaye hata yeye aliambiwa baada ya mtihani.

Hayo yalikuwa ya zamani. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye kiti kile kile. Hakuwa dereva wa mbwembwe. Alikwenda taratibu, hakupiga honi ovyo, na kila asubuhi kabla ya chai alizunguka gari lake akiligusa hapa na pale kama mtu anayepapasa ng'ombe wake kabla ya kumkamua.

Mvua za mwaka ule ziliiharibu vibaya barabara ya mlimani. Maji yalichimba katikati, mawe yakabaki yamechomoza kama meno, na mara mbili pikapu ilikwaruza tumbo hadi ikakwama, mgonjwa akiwa nyuma. Mganga mkuu akasema liwalo na liwe, gari liinuliwe. Kazi akapewa kaka yake Mama Gia.

Huyu kaka, mtaa mzima wa magereji ulimwita Profesa, maana hakufunga boliti bila kuihutubia kwanza. Alikuwa fundi kweli, hilo hata maadui zake walikubali. Ndiye aliyewalea Mama Gia na wadogo zake baba yao alipofariki, na ndiye aliyemfundisha kubadilisha tairi kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Mama Gia alimwomba ainue gari kidogo tu, vidole viwili, livuke mawe basi.

"Vidole viwili ni kimo cha kuku," alisema Profesa. "Niachie mimi, mdogo wangu. Hili nitalipa kimo cha heshima."

Siku ya nne pikapu ikatoka gereji ikiwa na springi mpya ndefu na tairi nene kuliko za zamani, imesimama juu kiasi kwamba Mama Gia alilazimika kushika mlango ndipo apande. Watu walipiga makofi. Profesa alimwonyesha kila kitu: springi, shokapu, na jinsi alivyoishusha mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ya mbele, ili isivutike gari linapoinuka. Kisha akakata usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, akapitisha kidole kati ya tairi na bodi.

"Umeona? Kidole kinapita. Hapa hakuna kinachogusa kitu."

Ila kwenye kona ya kwanza ya kushoto, Mama Gia alisikia kitu kinagusa. *Kwaruu.* Sauti fupi, kavu, kutoka chini mbele, upande wa kushoto.

Alilirudisha gari. Profesa akachungulia, akacheka, akakata kipande cha plastiki ya madigadi kwa kisu. Sauti ikapungua kwa siku mbili, kisha ikarudi. Akalirudisha tena. Safari hii Profesa hakucheka. Alikuwa na magari matano uani, na wenye magari walikuwa wamekaa wanasikiliza.

"Tairi jipya lina nyusi zake, vile vijipira vya pembeni, likisuguasugua kidogo zinalika zenyewe. Unasikia sauti kwa sababu unaitafuta."

"Kaka, siitafuti. Inanijia."

"Mimi nimeshika spana wewe hujaota meno. Nenda kaendeshe."

Akaenda. Hakubishana naye mbele za watu. Lakini Jumatano jioni alipochuchumaa kukagua gari alinusa harufu ya mpira uliopata joto, akamwambia mumewe kwamba Ijumaa atalipeleka kwa fundi mwingine, hata kama Kaka atanuna mwaka mzima.

Ijumaa haikufika. Alhamisi saa nane mchana simu iliita kutoka makazi ya juu mlimani. Kuna mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na damu imeanza kutoka. Gari jingine la kituo lilikuwa limepeleka sampuli wilaya ya jirani. Mganga mkuu alitoka ofisini akiwa bado ameshika simu.

"Mama Gia, gari litafika?"

Sauti ile ilimjia kichwani. Aliliangalia gurudumu la kushoto, akaliangalia jua.

"Litafika," akasema.

Neno hilo baadaye lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alipanda na muuguzi wa zamu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Sista. Kupanda hakukuwa na shida. Gari lilikuwa tupu, mawe yaliyokuwa yanalikwaruza tumbo sasa lilipita juu yake kama haliyaoni, na Mama Gia akaanza kujisemea kwamba labda Kaka ana haki. Zilikuwapo kona saba kali kabla ya kufika juu, zile za kujikunja kama kiwiko. Sauti aliisikia mara mbili tu, tena kwa mbali.

Huko juu mgonjwa alikuwa amelazwa mlangoni, binti wa miaka ishirini hivi, midomo imempauka. Mumewe alikuwa kazini mbali. Aliyekuwa naye ni mama mkwe wake, mwanamke mfupi, mpana, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Aliliangalia gari, akamwangalia Mama Gia.

"Dereva mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Haya," alisema Mama Mkwe kwa sauti ya mtu aliyekosa la kufanya. "Twende na tulichojaliwa."

Wakampakia mgonjwa nyuma kwenye machela, Sista pembeni yake na mfuko wa maji ya dripu juu. Wakapakia na ndoo, godoro dogo, na boksi la nguo. Mama Mkwe akakaa mbele. Gari likakaa chini kwenye springi zake kwa mara ya kwanza tangu litoke gereji.

Kona ya kwanza kushuka ilikuwa ya kulia, wakapita. Ya pili ilikuwa ya kushoto. Mama Gia alipunguza mwendo, akagusa breki, pua ya gari ikainama, akakata usukani. Haikuwa *kwaruu* tena. Ilikuwa mlio mzito, wa kunung'unika, ukatetemesha usukani mikononi mwake, na ile harufu ikaingia ndani moja kwa moja. Akanyoosha usukani, akasimama, akavuta breki ya mkono mpaka mwisho.

"Kuna nini?" aliuliza Sista kupitia kidirisha cha nyuma.

"Dakika mbili, Sista."

"Dada, sina dakika mbili nyingi."

Mama Gia alishuka, akatia jiwe mbele ya tairi, akalala chali kwenye kokoto na kujisukuma chini. Ukingo wa ndani wa tairi la kushoto ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Sentimita chache kutoka hapo ulining'inia mpira wa breki, ule ule ambao Kaka aliushusha, na upande mmoja ngozi yake nyeusi ilikuwa imelika hadi nyuzi za ndani zinaonekana, zimetoka vijinywele. Haukuwa umepasuka. Alipitisha kidole, kikatoka kikavu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuona mpira wa namna ile alijua kilichobaki pale ni kidogo sana. Gari likiwa tupu kidole kilipita. Gari likiwa limebeba watu, na breki zimeshikwa, na gurudumu limepanda juu ndani ya madigadi, hapakuwa na nafasi ya kidole wala ya unywele.

Na mbele yao, ukiacha hii, zilibaki kona tano. Tatu za kushoto.

Simu ilikuwa na mistari miwili ya mtandao. Akampigia kaka yake hapo hapo chini ya gari.

"Kaka, mpira wa breki wa kushoto umelika. Nyuzi ziko nje. Niko mlimani na mgonjwa."

Upande wa pili gereji ilikuwa inapiga kelele. Kisha kelele zikaisha, inaelekea Profesa alitoka nje.

"Unavuja?"

"Bado."

"Wa kulia?"

Akajiburuta kuangalia. "Huu uko mbali. Vidole vitatu."

"Sikiliza, mdogo wangu. Tafuta kitu laini, uufunge uuvute upande wa chesisi, mbali na tairi. Usiukaze. Ukiukaza gari likiinuka utakatika. Uachie ulegee kidogo. Na usukani kushoto, mzunguko mmoja tu. Usizidishe. Usizidishe hata kidogo, unanisikia? Shuka na gia nzito na breki ya mkono. Hiyo ya mkono ina waya wake, haitegemei mafuta. Breki ya mguu iguse kama unagusa yai."

"Kaka, hizi ni kona za kiwiko. Mzunguko mmoja hautoshi."

"Najua," alisema Profesa. "Zikate kwa mafungu, mbele na nyuma. Nakuja." Mtandao ukakata.

Sista alimrushia bandeji bila kuuliza. Mama Gia akaufunga ule mpira, akaupima, akaulegeza, akaufunga tena. Kisha akaomba na plasta. Akaunyoosha usukani sawasawa, akabandika kipande cheupe cha plasta juu kabisa, mahali pa saa sita. Plasta ikizunguka ikarudi juu, ni mzunguko mmoja. Hapo ndipo mwisho wa dunia.

Mama Mkwe alikuwa ameshuka na kuchuchumaa, anamtazama.

"Niambie ukweli, mwanangu. Tunakufa?"

"Hatufi, mama. Lakini nahitaji mtu wa kushika jiwe."

Alimweleza haraka haraka. Kwenye kona ya kushoto gari litakwenda mbele hadi karibu na ukingo wa nje. Hapo Mama Mkwe ataweka jiwe mbele ya tairi la kulia, ili gari lisiteleze wakati dereva anaingiza rivasi. Likirudi nyuma, anaokota jiwe lake, linakwenda mbele tena. Mama Mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akazunguka, akachagua jiwe kubwa kuliko lile la Mama Gia, akalikumbatia kifuani.

"Mimi nimezaa saba," alisema. "Jiwe halinishindi."

Kona ile ya pili waliimaliza kwa mafungu mawili. Mama Gia alikata usukani huku macho yakiwa kwenye plasta kuliko barabarani. Plasta ikashuka, ikapita chini, ikapanda, ikafika juu. Mikono ilitaka kuendelea. Miaka kumi na miwili mikono hiyo imezoea kuzungusha mpaka gari ligeuke, na sasa aliizuia kama anavyozuia mtu mwingine. Pua ikaelekea hewani. "Simama!" akapiga kelele Mama Mkwe, akatupa jiwe mbele ya tairi. Breki ya mkono. Rivasi. Klachi ikashika, gari likarudi likiguna. Mbele tena. Wakapita. Tairi halikulia.

Kona ya tatu ilikuwa ya kulia, rahisi. Mama Mkwe hakupanda hata garini, alitembea mbele na jiwe lake kama anayeongoza msafara.

Ya nne, kushoto. Mafungu matatu, maana njia ilikuwa nyembamba. Nyuma mgonjwa alianza kulia kwa sauti, kisha akaacha, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kilio.

"Dada," alisema Sista kidirishani, taratibu kama anaomba chumvi, "presha inashuka. Ongeza mwendo ukiweza."

"Siwezi, Sista."

"Sawa. Basi usiongeze."

Jasho lilimtiririka Mama Gia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Miguu ilimwuma kwa kushikilia klachi. Ya tano ilikuwa ya kulia. Walipita huku akihisi pedali ya breki, alipoigusa, imekwenda chini kidogo kuliko mara ya kwanza. Akajiambia ni hofu tu. Akaigusa tena. Haikuwa hofu. Mpira ulikuwa unavimba pale ulipolika, kila anapokanyaga.

Kona ya sita ndiyo watu wa kule juu walikuwa wakiiogopa hata siku za kawaida. Ilikuwa ya kushoto, mteremko mkali, na upande wa nje mvua zilikuwa zimemega ukingo ukabaki udongo mwekundu uliolegea. Mama Mkwe alitangulia, akasimama pale ukingoni, miguu ameitanua, kama yeye ndiye ukuta.

"Sogea ndani, mama!"

"Wewe angalia usukani wako!"

Mama Gia akaingia. Plasta ikazunguka, ikafika juu. Bado. Kona ilikuwa haijafika hata nusu. Gari likaenda mbele, mbele, udongo ukazidi kupungua mbele yake mpaka ukaisha, yakabaki majani ya miti iliyoota huko chini. Na hapo mikono ikamsaliti. Ilizidisha. Vidole viwili tu, plasta ikapita juu ikaanza kushuka tena, na kutoka gurudumu la kushoto ikaja ile sauti. Akairudisha kama aliyeshika moto.

"Simama!"

Alivuta breki ya mkono. Mama Mkwe akaweka jiwe. Mama Gia akaingiza rivasi, akaanza kuachia klachi, na gari, badala ya kurudi, likashuka. Kidogo tu, kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti. Tairi la kulia likalisukuma jiwe, jiwe likakaa ukingoni kwa nukta moja, kisha likaondoka. Alilisikia likigonga mara ya kwanza. Halafu ya pili, mbali sana.

Alikanyaga breki ya mguu. Pedali ilikwenda chini, chini, karibu kugusa sakafu, ndipo ikashika. Gari likasimama. Kwenye kioo aliona uso wa Sista, macho ameyafumba, mkono mmoja umemshika mgonjwa, mwingine umeshika nguzo ya gari.

Mama Mkwe hakukimbia. Alipiga magoti pale pale kwenye udongo unaomeguka, akavuta jiwe jingine kutoka ukingoni mwa mfereji uliochimbwa na mvua, akalisukuma kwa mikono na kwa paja mpaka likakaa chini ya tairi, kisha akaweka na la pili nyuma yake.

"Sasa!" alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Rudi sasa, mwanangu. Polepole."

Mama Gia alivuta pumzi. Akakumbuka kuwa mguu wa kulia uko kwenye breki na anahitaji kukanyaga mafuta. Breki ya mkono ilikuwa juu mpaka mwisho. Akaachia klachi mpaka akaisikia injini inainama, inataka kuzima, akaishikilia hapo. Akauhamisha mguu. Nukta ile ambayo mguu haukuwa kwenye pedali yoyote ilikuwa ndefu kuliko mchana wote. Akakanyaga mafuta, akashusha breki ya mkono, tairi za nyuma zikachimba kokoto, zikakwaruza, zikashika.

Gari likarudi. Hatua moja, mbili, tano, mpaka nyuma likaegemea ukuta wa mlima.

Walihitaji mafungu mawili mengine kumaliza kona ile. Ya saba, ya kushoto pia, ilikuwa pana. Mafungu mawili, wakapita. Baada ya hapo barabara ilinyooka mpaka mjini, Mama Mkwe akapanda, na Mama Gia akaendesha kwa gia ya pili katikati ya njia, taa za hatari zinawaka, bila kugusa breki ya mguu mpaka geti la hospitali ya mjini, kulikokuwa na chumba cha upasuaji.

Wauguzi walimpokea mgonjwa wakikimbia. Mlango wa upasuaji ukafungwa. Mama Gia alibaki amekaa kwenye kiti, mikono kwenye usukani, akajaribu kuvifungua vidole vikakataa. Ilibidi Mama Mkwe apande upande wa pili na kumfungua kimoja kimoja, kama anamvua mtoto glavu.

Profesa alifika kwa pikipiki ya kukodi, mafuta bado mikononi, mpira mpya wa breki umemzunguka shingoni. Alikuwa amepanda mpaka nusu ya mlima kwa njia ya mkato, akawakosa, akageuza. Hakumsalimia dada yake. Alilala chini ya gari moja kwa moja, pale pale kwenye uwanja wa hospitali, watu wakimruka. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika mpira wa zamani, bandeji bado imefungwa. Akaukunja mahali ulipolika. Tone la mafuta likajitokeza katikati ya nyuzi, likakua, likamdondokea kwenye kiatu.

"Nililipima tupu," alisema.

Mama Gia alikuwa ametayarisha maneno tangu kona ya nne, maneno ya kumchoma. Alimwangalia uso, akaona hayahitajiki, ila akaona pia hawezi kunyamaza kabisa.

"Nilikuambia mara mbili, Kaka."

"Uliniambia."

"Ukasema naitafuta sauti."

"Nilisema." Alifuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka. "Mbele za watu, tena. Nisamehe, mdogo wangu."

Hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, si kwake wala kwa mtu mwingine. Lilimtoka vibaya, kama boliti yenye kutu, lakini lilitoka.

Saa kumi na mbili kasoro Sista alikuja koridoni, kofia imemkaa upande. Mtoto wa kike, alisema. Alichelewa kulia, wakambembeleza, amelia. Mama yake ameongezewa damu mifuko miwili na anapumua mwenyewe. Mama Mkwe aliposikia alikaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi tu.

Jumamosi gari lilirudi gereji, na Mama Gia alisimama pale asubuhi mpaka jioni. Safari hii Profesa hakuhutubia. Alipakia magunia sita ya mchanga nyuma, akapandisha gurudumu la kushoto juu ya gogo mpaka likazama ndani ya madigadi, akamwomba dada yake aketi na kukata usukani, yeye akiwa amelala chini na tochi. "Taratibu... taratibu... hapo! Limegusa." Wakarudia upande wa kulia. Tairi zile nene zikatolewa, zikaja za wembamba wa wastani. Springi zikabadilishwa, kimo kikashuka. Mpira wa breki ukapata kishikizo kipya nyuma ya chesisi, na kwenye ekseli akafunga boliti mbili za kuzuia usukani usikate kupita kiasi. Kisha magunia yote yakarudishwa, gogo likarudishwa, wakapima upya tangu mwanzo. Mafundi wa gereji za jirani walikuja kuchungulia, mmoja akauliza Profesa siku hizi anapokea amri kutoka kwa nani.

"Kwa dereva," alijibu, kutoka chini ya gari.

Jumatatu alipangiwa kupeleka chanjo makazi ya juu. Alikwenda peke yake na masanduku ya baridi. Kupanda alipanda vizuri. Kushuka, alipofika kona ya sita, akapunguza, akakata usukani, gari likaanza kugeuka, na mikono ikasimama. Mzunguko mmoja. Ikakataa kwenda zaidi. Hapakuwa na sauti, hapakuwa na harufu, pedali ilikuwa juu na ngumu, lakini mikono haikusikia maneno. Akavuta breki ya mkono katikati ya kona, akashuka, akachungulia chini. Ngumi nzima ilipita kati ya tairi na mpira. Akaipitisha tena, kuhakikisha.

Akarudi kwenye kiti. Akakaa kidogo. Kisha akazungusha usukani mpaka mwisho, akaachia breki, na kona akaimaliza kwa mkupuo mmoja.